Wasichana wa hosteli wanajua. Kwa nini basi hawajichunguzi?

Kila mwaka muda wa kukabidhi rasimu za utafiti ukiwadia, mezani kwangu hutua walau kazi moja yenye kichwa kinachofanana na cha mwaka uliopita: mambo yanayoathiri tabia ya kujichunguza matiti miongoni mwa wanafunzi wa vyuo, Dodoma. Mimi si daktari wala nesi. Nafundisha mbinu za utafiti katika chuo kimoja hapa mjini, na kazi yangu kwa vijana hawa ni kuangalia kama dodoso limekaa sawa, kama swali halimwekei mtu jibu mdomoni, kama majedwali yanajumlika. Ila ukisoma jambo moja mwaka baada ya mwaka, hata kama si fani yako, unaanza kuona wanachokiruka.

Majibu hayabadiliki sana. Umewahi kusikia kuhusu kujichunguza matiti? Ndiyo. Ulisikia wapi? Redioni, kwenye simu, kliniki, kwenye kongamano la saratani ya matiti la Oktoba walikogawiwa fulana na utepe wa pinki. Unaona ni jambo la muhimu? Sana. Geuza ukurasa: mwezi uliopita ulijichunguza? Hapo ndipo kalamu zinapokwama. Mmoja kaandika ndiyo, kafuta. Mwingine kaacha wazi. Mwingine kaandika "wakati mwingine", jibu ambalo halikuwemo hata kwenye machaguo. Kisha ukifika sura ya tano, kwenye mapendekezo, unakuta sentensi ambayo ningeweza kuiandika mwenyewe kabla mwanafunzi hajatoka kwenda kukusanya data: elimu zaidi itolewe. Elimu gani tena, mwanangu? Si wote wamekuambia wamesikia?

Nadharia wanayoiegemea karibu wote ni ile ya imani za afya, na asili yake ni tamu kuliko wanavyoiandika. Miaka ya 1950 idara ya afya ya umma ya Marekani ilikuwa ikiwapima watu kifua kikuu kwa picha za eksirei, bure, tena kwa magari yaliyowafuata mpaka mitaani, na bado wengi hawakujitokeza. Mwanasaikolojia Godfrey Hochbaum na wenzake wakaacha kuwalaumu, wakaenda kuwauliza. Wakakuta kwamba anayejitokeza ni yule anayeamini ugonjwa unaweza kumpata hata akiwa anajiona mzima, na anayeamini kuwa kuujua mapema kuna faida. Baadaye yakaongezwa mengine: vikwazo, kinachomkumbusha mtu, na kama anajiamini kwamba kitendo chenyewe atakiweza. Mwaka 1984 Victoria Champion, muuguzi mtafiti wa huko huko Marekani, akatengeneza vipimo vya imani hizo mahsusi kwa kujichunguza matiti, na maswali mengi ya vijana wetu ni wajukuu wa maswali yake.

Sina ugomvi na nadharia. Ugomvi wangu uko kwenye kile kisanduku cha vikwazo. Wanafunzi hukijaza "kukosa muda" na "kusahau", maneno ambayo kila binadamu huyaandika akiulizwa kwa nini hafanyi jambo lolote jema. Hakuna aliyewahi kuuliza habari za kitasa cha bafu.

Maelekezo mengi yanayozunguka kwenye simu yameandikwa na mtu mwenye bafu lake mwenyewe. Simama mbele ya kioo, kifua wazi, mikono kiunoni, kisha inyooshe juu. Unapooga, vidole vikiwa na sabuni, pitisha taratibu. Halafu lala chali, weka mto chini ya bega. Sasa njoo hosteli. Kioo ni kile cha kushika kiganjani, cha kupakia wanja. Bafu ni la foleni, na asubuhi bomba likigoma, jambo ambalo Dodoma halimshangazi mtu, unaingia na ndoo yako huku ukijua nyuma yako kuna wenzako wamejipanga na mmoja ameshaanza kugonga: "Wewe, unaoga au unajifungua?" Kitasa kiling'oka muhula uliopita, mlango umeshikiliwa na kanga iliyofungwa kwenye msumari. Kitandani nako ni dabo deka. Wa juu akigeuka, wa chini anajua. Chumbani kuna anayesoma, kuna anayechemsha tambi kwa hita kinyume cha sheria za hosteli, kuna anayeongea na mchumba kwa spika. Ni saa ngapi mtu atalala chali, kifua wazi, ajibonyeze taratibu bila haraka?

Mwanafunzi mmoja aliniambia kwamba alikuwa akitumia kamera ya mbele ya simu kama kioo. Akili nzuri kabisa. Akaacha, kwa sababu iliyonifanya nikose la kusema: "Madam, niliwaza, kidole kikiteleza ikapiga picha? Simu yangu inajipandishia picha mtandaoni yenyewe. Na mchumba wangu anajua neno langu la siri." Huyu kwenye dodoso alijaza nini? Kukosa muda.

Tusidanganyane lakini kwamba kitasa ndicho kila kitu. Wapo waliopanga Ng'hong'hona na mitaa mingine, chumba cha peke yao, mlango unafungika, kioo kirefu ukutani kwa ajili ya kujipiga picha. Nao kwa maneno yao wenyewe hawawazidi sana wenzao wa hosteli. Ukikaa nao bila karatasi mkononi, mazungumzo yakitoka kwenye mitihani yakaingia kwenye mambo ya nyumbani, ndipo linapotoka la moyoni: nikikiona je?

Watu wa semina huiita hofu hii ujinga. Mimi nimeacha kuiita hivyo. Fikiria binti aliyekulia kijijini Chamwino au Manyoni. Saratani ya matiti anayoijua ni ya shangazi aliyewekwa chumba cha uani kwa sababu kidonda kilikuwa kinatoa harufu. Alianza kwa mganga, akaenda kwenye maombi, akaja kupelekwa hospitali titi limeshapasuka, na kutoka hospitali akaambiwa aende hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Kabla ya treni ya SGR kuanza kufika Dodoma mwaka 2024, hiyo ilikuwa siku nzima kwenye basi na titi linalouma. Akarudi amekonda, akafa. Sehemu kubwa ya wanawake wa nchi hii wenye saratani ya matiti hufika hospitali ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne, kwa hiyo shangazi huyo yupo kwenye koo nyingi. Binti amefanya hesabu kwa ushahidi alio nao: waliogundulika walikufa, basi kugundulika ndiko kunakoua.

Na ushahidi wa upande wa pili umefichwa. Uvimbe ukikutwa bado mdogo, haujatoka nje ya titi, na mtu akatibiwa, wengi hupona. Wako hapa mjini, wanafundisha shule, wanauza vitenge Majengo, wanaimba kwaya. Ila aliyepona anavaa sidiria yenye kujazwa upande mmoja na hamwambii hata jirani, akiogopa kuitwa "yule wa kansa", akiogopea na binti zake wasikose wachumba. Namwelewa. Lakini matokeo yake ni kwamba kijana wa miaka 21 anaweza kumaliza digrii hajawahi kumtia machoni mwanamke aliyeugua saratani ya matiti akabaki hai, wakati Shirika la Afya Duniani linahesabu wanawake milioni 2.3 waliogundulika nayo duniani mwaka 2022 na vifo 670,000 mwaka huo huo. Kuna pengo kubwa kati ya namba hizo mbili, na pengo hilo ni watu.

Hofu ikikaa sana bila kazi, inajitafutia kazi nyepesi. Ndiyo maana vile visa vya sidiria nyeusi, vya kuweka simu au noti kifuani, vya dawa ya kujipaka kwapani, vinaenea kuliko somo lolote. Hakuna ushahidi wa kuaminika kwamba mambo hayo yanaleta saratani. Lakini tazama yanamfanyia nini mtu: anahamishia simu kwenye mkoba, anajiona ametimiza wajibu wake kwa matiti yake, analala. Ni rahisi kuliko kujigusa. La namna hiyo hiyo ni "kwetu hakuna." Zipo koo zenye hitilafu za vinasaba zinazorithiwa, za BRCA1 na BRCA2 ndizo zinazotajwa sana, lakini wanawake wengi wanaopata saratani ya matiti hawana ndugu aliyewahi kuugua. Kuwa mwanamke na kuongezeka umri vinatosha. Hata wanaume huugua, karibu mmoja katika kila wagonjwa mia, ingawa ukiwaambia vijana wa kiume darasani wanacheka mpaka wanagonga meza.

Aibu nitaipitia haraka, kwa sababu nadhani tunaitwisha mzigo mkubwa kuliko inaostahili. Ipo. Kuna aliyelelewa kwamba mikono ya msichana mwema haina kazi kifuani mwake. Kuna waliochezwa unyago wakafundishwa mengi juu ya mwili, isipokuwa hili. Lakini nimewaona wasichana hao hao wakitoka bafuni na upande mmoja wa kanga, wakisukana nywele vifua wazi siku ya joto, wakiulizana saizi za sidiria kwa sauti ya sokoni. Hawa si watu wanaouonea haya mwili. Kinachowashinda ni kujigusa kwa nia ya kutafuta ugonjwa, na kuufanya mkono uelewe unachogusa.

Hilo la mkono nililiona siku tulipomwalika nesi mstaafu, mama wa Kigogo kutoka Bahi, ambaye wasichana walianza kumwita Bibi kabla hata hajaketi. "Mbukwenyi!" akasema, waliojua wakaitikia, wengine wakacheka. Hakuja na kompyuta wala picha za ukutani. Alikuja na mfuko wa rambo wenye glavu za hospitali alizozijaza unga wa ngano uliokandwa kwa mafuta, akazifunga kwa uzi. Ndani ya moja alificha punje ya choroko. Ndani ya nyingine, zabibu ya hapa hapa Dodoma. Ndani ya ya tatu kulikuwa na kokoto aliyoibandika kwa gundi kwenye mpira wenyewe, kwa ndani. Ya nne haikuwa na kitu. Akazifunika kwa kanga, akasema, "Haya wajukuu zangu, ingizeni mikono. Mniambie mmekuta nini na wapi."

Hakuna somo nililowahi kuliona likinyamazisha darasa kiasi kile. Wa kwanza aliingiza mkono, akatoa: hamna kitu. Alikuwa ameshika ile ya choroko. Bibi akautazama mkono wake. "Unatumia ncha. Na kucha hizo za kubandika zitasikia nini?" Akamshika vidole vitatu vya kati, akavilaza. Sehemu hii, ile unayobonyezea alama ya kidole. Hapo hapo ulipo, bonyeza mara tatu bila kuinua mkono: mara ya kwanza ngozi tu, ya pili katikati, ya tatu mpaka usikie kilichoko chini. Sogea kidogo. Tena. Binti akapitisha, akasimama, macho yakamtoka. "Bibi, kipo!" Wenzake wakamsukuma nao wajaribu.

Zabibu iliwatisha wengi kwa sababu ilikimbia. Ukiibonyeza huku inateleza kule. Kokoto haikukimbia, ilibaki pale pale na kuivuta glavu. Bibi akawaambia kuwa uvimbe unaoteleza hivyo, laini, wa mviringo, usiouma, kwa msichana wa umri wao mara nyingi si saratani, na kwamba mgumu ulioganda mahali pamoja unatisha zaidi. Kisha akainua kidole: "Lakini kutofautisha si kazi yenu. Kazi yenu ni kukuta na kuja." Lililozua kelele zaidi ni glavu tupu. Nusu ya darasa waliapa kwamba wamekuta kitu humo. Bonge la unga tu. Akawaacha wabishane, halafu akaeleza kwamba titi lisilo na ugonjwa halijawahi kuwa laini kote. Lina mabonge yake, na chini yake, pale linapokutana na kifua, kuna ukingo mgumu kidogo ambao kila mtu anao. Anayejigusa mara moja kwa mwaka atakuta uvimbe kila mahali, ataogopa, ataacha. Anayejua lilivyo mwezi huu atajua limebadilika mwezi ujao.

Baadhi yao niliwasikia wakinong'onezana, na nadhani hapo ndipo lilipokuwa jibu ambalo madodoso yote yalikuwa hayajalikamata. Walishawahi kujaribu. Walijibonyeza mara moja, wakakuta mabonge, wakalala na hofu usiku kucha, hawakurudia tena. Kwenye takwimu wamehesabiwa pamoja na wale wasiojali.

Bibi aliendelea na maelekezo: kuanzia kwapani mpaka mfupa wa katikati ya kifua, kuanzia mtulinga mpaka chini ya titi, panda na shuka, usiruke. Kwapa usilisahau. Kwa macho, tafuta ngozi iliyobonyea au yenye vitundu kama vya ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani wakati zamani haikuwa hivyo, upele au ukurutu wa chuchu usiopona, titi moja kubadilika umbo au kuwa jekundu, majimaji hasa yenye damu. Fanya siku chache baada ya hedhi kwisha, kwa sababu kabla ya hedhi homoni huyajaza matiti maji, yakauma na kuwa na mabonge yasiyo na maana. Hapo karatasi iliyokunjwa ikapitishwa mpaka mezani. Ilikuwa na swali moja: na ambaye haoni siku zake kwa sababu ya kijiti cha uzazi wa mpango? Wasichana wakaangalia chini, kila mmoja akijitahidi asionekane yeye ndiye. Bibi aliisoma kwa sauti na hakupandisha hata unyusi. "Kijiti, sindano, vyote. Chagua tarehe. Siku bumu, hela yenu ya mkopo, linapoingia hamjawahi kuisahau, sivyo?" Ukumbi ukalipuka kwa kicheko.

Mwaka ule mada hii ilikuwa imechukuliwa na kijana wa kiume. Awali alikuja ofisini amejikunyata: "Madam, mimi mwanaume, nitawauliza vipi?" Nikamwambia aulize kama anavyouliza kingine chochote. Akatokea kuwa msomaji mkorofi, yule anayefuata marejeo mpaka chini. Siku moja akaja na karatasi amezishika kama kesi. "Madam, hii si inaua mada yangu?"

Alikuwa ameukuta utafiti wa Shanghai, China. Kuanzia 1989 wanawake zaidi ya 266,000 wa viwanda vya nguo waligawanywa makundi mawili. Kundi moja likafundishwa kujichunguza, likakumbushwa, likasimamiwa. La pili likaachwa. Baada ya miaka kama kumi, matokeo yaliyochapishwa 2002 yakaonyesha waliokufa kwa saratani ya matiti katika kundi lililofundishwa ni 135, na katika kundi la pili 131. Hakuna tofauti. Isipokuwa waliofundishwa waligundua vivimbe vingi zaidi visivyo saratani na wakachukuliwa vinyama vya kupimwa bila faida. Mwaka uliofuata Chama cha Saratani cha Marekani kikaanza kusema kujichunguza ni hiari ya mtu, na baadaye kikaacha kukupendekeza.

Hili haliandikwi kwenye vipeperushi, na naelewa kwa nini, lakini siwezi kufundisha mbinu za utafiti halafu nikafiche utafiti. Nilimwambia kijana haiui mada, inainyoosha. Wanawake wa Shanghai wa makundi yote mawili walifika hospitali uvimbe ukiwa wa ukubwa wa kukaribiana. Kuwafundisha hakukuongeza kitu kikubwa kwa sababu hata yule asiyefundishwa alikuta na akaenda. Kwetu pengo liko mahali pengine. Liko kati ya siku mwanamke anapougusa uvimbe na siku anapofika kwa mtu mwenye sindano na darubini, na pengo hilo linaweza kuwa mwaka. Hatuna mashine za mamografia, yaani eksirei ya matiti, za kumpima kila mwanamke kila baada ya miaka miwili. Kule Mumbai, India, walifundisha wahudumu wa afya ya msingi kupima matiti kwa mikono na wakafuatilia kwa miaka 20. Saratani ziligundulika zikiwa hatua za mapema zaidi, na kwa wanawake wa miaka 50 na zaidi vifo vikapungua. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na mwenye lake anisahihishe: ile ibada ya kila mwezi, yenye hatua na kalenda, siiapii. Ninachokiapia ni mtu kulijua titi lake, na kutolala na uvimbe.

Kutolala na uvimbe kunahitaji mlango wa kugonga. Binti mmoja wa darasa lile alikuta kitu upande wa kushoto, wiki chache baada ya glavu za Bibi. Akaenda zahanati. Aliyemhudumia hakuinua macho kwenye simu. "Homoni hizo. Ukiolewa ukazaa vitaisha." Akapewa panado. Wengine wangeishia hapo na kujisemea wameshapimwa. Ndivyo wanavyosema baadaye, kwamba niliambiwa si kitu. Yeye alikuwa na namba ya Bibi. Bibi alimchukua kwa bajaji mpaka hospitali ya rufaa, akakaa naye kwenye benchi. Daktari alimpima kwa mikono, akamwandikia ultrasaundi, maana nyama ya matiti ya umri huo imeshikana sana na mamografia haioni vizuri ndani yake. Kisha sindano ya kuchukua kinyama. Ilikuwa faibroadenoma, ile zabibu yenyewe: uvimbe usio saratani, wa kawaida kwa wasichana, unaoweza kuachwa na kufuatiliwa, au ukatolewa ukikua sana au ukimsumbua mtu.

Bima ilimsaidia. Kwa miaka mingi ada ya bima ya afya ya mwanafunzi ilikuwa shilingi 50,400 kwa mwaka, na wengi waliilipa wakinung'unika kwamba haijawahi kuwatibu zaidi ya malaria. Na siku hizi Dodoma si ile ya kupewa barua ya Dar kwa kila kitu: kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa pale mjini, na kuna Benjamin Mkapa iliyofunguliwa 2015, jirani kabisa na Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM. Daladala moja. Sijawahi kuona kipeperushi cha Oktoba kinachomwambia mwanafunzi ashukie kituo gani, aulizie dirisha gani, aende na kadi gani. Wanachora utepe.

Kilichonishangaza ni kilichotokea chumbani kwa yule binti. Alirudi na plasta, akawaonyesha wenzake tundu la sindano, akawasimulia inavyouma na inavyoisha, akala chipsi mayai, akalala. Ndani ya mwezi chumba kizima kilikuwa na utaratibu. Jumamosi wakati wa kufua, mmoja anabaki ndani, wengine wanakaa nje na mabeseni, na kanga maalumu inaning'inizwa mlangoni kuashiria usiingie. Chumba cha jirani wakauliza ile kanga ni ya nini. Mhadhara wangu, kongamano, fulana, vyote havikuwahi kufanya hivyo. Nilimsaidia yule kijana abadilishe sura yake ya uchambuzi ili iulize jambo moja ambalo hakuliweka mwanzo: kuna mtu unayeishi naye ambaye anajichunguza? Wasimamizi wenzangu walisema swali hilo halimo kwenye nadharia. Nikawajibu basi nadharia ilikuwa na bafu lake.

Jambo la mwisho ni la umri. Saratani ya matiti kwa msichana wa miaka 20 ni nadra. Ukweli huo huwa tunaumeza ili tusiwalegeze. Mimi naona tuwaambie, kwa sababu una nusu ya pili: kila mmoja wao ana mama, ana mama mdogo, ana shangazi, wenye miaka 40 na 50 na kitu, huko Kondoa, Mpwapwa, Iramba, ambao hawana kongamano wala kikundi cha simu, na ambao wakisikia uvimbe watamwambia binti aliyeko chuo kabla hawajamwambia mume. Hata yule binti wa sindano, mama yake alipopigiwa simu kuambiwa majibu, hakuuliza hata kimoja kuhusu faibroadenoma. Aliuliza: "Na mimi hiki changu kina miaka mingapi sasa, unadhani wakiangalie?"

Wiki ya kufunga chuo, wasichana wawili walikuja ofisini kuulizia namba ya Bibi. Walitaka kuazima glavu zake waende nazo likizo. Nilimpigia, nikaweka spika. "Ule unga umeshavunda, niliutupa," akasema Bibi. "Waambie wanunue glavu duka la dawa. Unga watakuta kwao, na choroko Kondoa zimejaa. Zabibu wabebe kutoka hapa."